Dar es Salaam hadi Nairobi: Saa Moja na Robo, au Miaka Saba Kasoro

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani umbali kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Nilimjibu haraka: kwa ndege ni takriban kilomita 670, mwendo wa saa moja na robo hivi. Nilipofika ofisini nikatambua kwamba nimejibu kama mwalimu wa jiografia, ilhali ninafundisha historia. Mimi mwenyewe nilizaliwa wakati jibu hilo lilikuwa si la kweli.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946, mali ya serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, zote zikiwa chini ya Mwingereza. Lilianza na vindege sita vya kuazima. Baada ya miaka ishirini lilikuwa likirusha Super VC10 hadi London. Hata hivyo, makao yake makuu na karakana yake kubwa vilikuwa Nairobi, kwa kuwa mkoloni alijenga kule alikokuwa na walowezi wengi. Abiria wa Dar es Salaam na Kampala walilipa nauli kwao, lakini ndege zililala Nairobi. Kenya nayo ililalamika kwamba wabia wake hawapeleki fedha wanazodaiwa. Sisi Watanzania hupenda kusimulia lalamiko la kwanza na kulipita la pili kimyakimya. Yote mawili yalikuwa na ukweli.

Mwanzoni mwa 1977 ndege za shirika hilo zilikwama ardhini. Kenya Airways, iliyoandikishwa tarehe 22 Januari, iliruka tarehe 4 Februari. Siku hizohizo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wetu zikazuiliwa, na safari za moja kwa moja baina ya miji hii miwili zikakatika. Mwezi Machi tukaanzisha shirika letu, Air Tanzania. Kilomita 670 hazikuongezeka hata moja, lakini mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mwezi Mei 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, nchi tatu zilitia saini mjini Arusha mgawanyo wa mali ya iliyokuwa Jumuiya: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kutua Dar es Salaam, kwa sababu Kenya haikuiruhusu ndege ya mizigo ya Air Tanzania kuchukua shehena Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Zuio lilipangwa kuanza tarehe 22 Januari, siku ileile ambayo Kenya Airways iliandikishwa mwaka 1977. Sidhani kama aliyeichagua tarehe hiyo aliikumbuka. Safari hii mawaziri walizungumza, na suluhu ikapatikana kabla siku haijafika.

Nilipowauliza wanafunzi wangu, wengi walikuwa wameisoma habari hiyo ya 2024 kwenye simu zao. Ile ya 1977 hakuna aliyepata kuisikia, hata yule aliyeniuliza umbali, ambaye kwao ni Namanga.