Wi-Fi ipo lakini tovuti hazifunguki: Jinsi ya kutafuta kasoro kabla ya kumwita fundi

Alama ya Wi-Fi imejaa kwenye kioo cha simu, lakini ukurasa unaoutaka haufunguki. Kiduara kinazunguka, dakika zinayoyoma, na hatimaye unapata ujumbe kwamba tovuti haipatikani.

Kwa mkazi wa Kisii au Nyamira, hili si jambo dogo. Mwanafunzi huchagua kozi ya chuo kikuu kupitia tovuti ya KUCCPS, mfanyabiashara huwasilisha taarifa zake kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) mtandaoni, na anayetafuta pasipoti huelekezwa kwa eCitizen. Shughuli kama hizi zina siku ya mwisho, na siku hiyo haimsubiri mtu ambaye mtandao wake umegoma.

Wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kufinya kila kitufe cha ruta, au kumpigia simu fundi aje kutoka mjini. La kwanza laweza kuzidisha tatizo. La pili lina gharama ya nauli na ujira, hata pale ambapo kasoro yenyewe ilikuwa tarehe ya tarakilishi tu.

Yafaa kufahamu kwamba alama ya Wi-Fi inathibitisha jambo moja pekee: kuwa simu au tarakilishi yako inasikilizana na ruta iliyo karibu. Haisemi lolote kuhusu safari iliyosalia.

Ombi lako la kufungua ukurasa hutoka kwenye kifaa hadi kwa ruta, kisha kwa mitambo ya kampuni inayokupa huduma, kisha kwa nyaya kuu za nchi, na aghalabu hadi Mombasa ambako nyaya za chini ya bahari huiunganisha Kenya na ulimwengu. Mwisho wa safari ni tarakilishi inayohifadhi tovuti yenyewe. Kiungo kimoja kikikatika, ukurasa haufunguki ijapokuwa alama imejaa.

Basi kazi ya anayetafuta kasoro ni kuanza na kiungo kilicho karibu na kusonga mbele, akikiondolea shaka kimoja baada ya kingine.

Maswali mawili ya kwanza

Jiulize: je, kifaa kingine kilichounganishwa na Wi-Fi iyo hiyo kinafungua kurasa? Na je, kifaa chako kinafungua tovuti nyingine?

Iwapo simu ya jirani inafungua na yako haifungui, kasoro imo kwenye kifaa chako. Iwapo vifaa vyote vimekwama, kasoro iko kwenye ruta au mbele yake. Iwapo tovuti moja tu ndiyo iliyogoma, huenda mtandao wako hauna hatia yoyote.

Majaribio haya huchukua dakika mbili na hayagharimu chochote, lakini hukuonyesha upande wa kutazama.

Kasoro ikiwa kwenye kifaa

Washa hali ya ndegeni kwa sekunde kumi kisha uizime. Ikishindikana, fungua mipangilio, uamuru kifaa kiusahau mtandao huo, halafu ujiunge upya kwa kuandika nywila. Hakikisha kwanza kwamba unayo nywila hiyo.

Tazama tarehe na saa. Tovuti nyingi za leo hutumia cheti cha usalama chenye muda maalum. Tarakilishi ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka kadhaa nyuma kila umeme unapokatika, na kivinjari hukataa kurasa kikidhani vyeti si halali. Dawa yake ni kurekebisha tarehe, na baadaye kununua betri mpya.

Zima VPN ikiwa ipo, na kwenye simu za Android tazama sehemu ya DNS ya Faragha, uirudishe katika hali ya kujiendesha.

Kwenye tarakilishi ya Windows, tazama pia anwani ya IP katika maelezo ya mtandao. Anwani inayoanza kwa 169.254 ina maana kwamba tarakilishi haikupewa anwani na ruta, bali ilijipa yenyewe. Hapo hakuna tovuti itakayofunguka hadi ujiunge upya au ruta izimwe na kuwashwa.

Wi-Fi ya kulipia sokoni

Katika miji na vituo vingi vya biashara, watu hununua Wi-Fi kwa saa au kwa siku na kulipa kwa M-Pesa. Mitandao ya aina hii mara nyingi haina nywila, hivyo simu hujiunga papo hapo na alama ikajaa. Lakini mlango wa kwenda nje hubaki umefungwa hadi ulipe kupitia ukurasa maalum.

Wakati mwingine ukurasa huo wa malipo haujitokezi. Sababu yake ni kwamba ruta haiwezi kulielekeza kwingine ombi la tovuti iliyofungwa kwa usalama wa https bila kivinjari kulalamika. Andika neverssl.com, tovuti ambayo kwa makusudi haitumii usalama huo, na ukurasa wa malipo aghalabu utajitokeza. VPN na DNS ya Faragha pia huuzuia.

Tahadhari moja: mtandao usio na nywila hausimbi mawasiliano kati ya simu na ruta. Usiandike siri yoyote kwenye ukurasa usioanza kwa https.

Ruta nyumbani

Sogea karibu na ruta ujaribu tena. Kuta za mawe na paa za mabati hudhoofisha mawimbi, na katika boma ambalo nyumba zimepangwa moja chini ya nyingine kwenye mteremko, nyumba ya chini huenda ikaona jina la mtandao bila kupata nguvu ya kutosha kupakua ukurasa. Ruta nyingi hutoa masafa mawili: ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka haraka yanapokutana na ukuta, ilhali ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi. Ukiwa mbali, chagua ya 2.4.

Kisha izime ruta kwa kuchomoa umeme, subiri sekunde thelathini, uiwashe na kungoja dakika tano.

Usibonyeze kile kitufe kilichofichwa ndani ya tundu dogo la sindano. Kitufe hicho hufuta mipangilio yote, yakiwemo majina na nywila ambazo kampuni iliziweka. Mtandao uliokuwa na hitilafu ya saa moja unaweza kukosekana siku nzima hadi fundi afike.

Majina ya tovuti yanapokataa

Kuna kasoro moja inayowatatanisha wengi: WhatsApp inapokea ujumbe, lakini kurasa hazifunguki.

Sababu ya kwanza ni nyepesi. Ikiwa ruta inatumia laini ya simu, huenda bando lililonunuliwa ni la WhatsApp pekee, au bando la kawaida limekwisha. Ruta itaendelea kutoa Wi-Fi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sababu ya pili ni mfumo wa majina, yaani DNS, uliobuniwa mwaka wa 1983. Mfumo huu ni kama daftari la simu: hugeuza jina la tovuti kuwa nambari ambazo mitambo huzielewa. Daftari hilo likikosekana, barabara i wazi lakini hakuna anayejua nyumba iko wapi.

Ili kuthibitisha, fungua dirisha la amri kwenye Windows kwa kuandika cmd, kisha uandike ping 8.8.8.8. Ukipata majibu, andika ping google.com. Nambari zikijibu na jina likikataa, kasoro ni ya DNS. Katika mipangilio ya mtandao weka 8.8.8.8, ambayo ni huduma ya Google, au 1.1.1.1 ya Cloudflare.

Milima, mikaratusi na radi

Vifaa vyote vikigoma hata baada ya ruta kuwashwa upya, tazama taa zake. Kwa waliounganishwa kwa nyaya za kioo, taa nyekundu iliyoandikwa LOS ina maana kwamba mwanga haufiki: waya umekatika au umechomoka. Hakuna mpangilio wowote wa simu utakaosaidia. Piga simu kwa kampuni.

Wengine hupokea huduma kupitia sahani ndogo iliyo juu ya paa, inayotazama mlingoti kilimani. Katika ardhi yenye vilima na mabonde kama ya Kisii na Nyamira, njia hiyo huhitaji uwazi kati ya sahani na mlingoti. Mkaratusi hukua haraka, na mti ambao haukuonekana wakati wa kuweka sahani huenda sasa umesimama katikati ya njia. Majani yaliyolowa maji huzuia mawimbi zaidi, ndiyo maana mtandao hupotea mvua inaponyesha na kurejea jua linapowaka. Aidha, mlingoti ukipoteza umeme, nyumba yenye sola hubaki na Wi-Fi isiyokwenda popote.

Halafu kuna radi. Nyanda hizi hupata mvua karibu mwaka mzima, nayo aghalabu hunyesha alasiri ikiandamana na radi, kwani hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani. Ruta iliyoathiriwa na radi inaweza kuendelea kutoa Wi-Fi ilhali tundu lake la kupokea waya wa nje limeungua. Wingu likitanda, chomoa waya wa umeme na ule wa sahani mapema. Ngurumo zikishaanza, usiziguse nyaya hizo.

Kasoro ikiwa mbali

Hadi katikati ya mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za ng'ambo. Nyaya za TEAMS na Seacom zilipoanza kazi mwaka huo, kasi iliongezeka, lakini nazo hukatika. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na huduma ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko katika kanda hii.

Tovuti yenyewe pia huweza kuanguka. Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa kwa kufurikwa na maombi mengi kupita kiasi, na wananchi wakashindwa kupata huduma. Siku kama hiyo, aliyebadilisha ruta alitupa pesa zake.

Ukipiga simu kwa kampuni

Eleza mambo manne: tatizo lilianza saa ngapi, ni vifaa vingapi vimeathirika, taa za ruta zina rangi gani, na umejaribu nini. Omba nambari ya malalamishi na uiandike. Kanuni za kuwalinda watumiaji za mwaka wa 2010 zinamtaka mteja alalamike kwanza kwa kampuni, na asiporidhika awasilishe kesi yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Kumbukumbu hizo ndizo zitakazokuwa ushahidi wako.

Iwapo saa za mwisho zinakukaribia, usingoje matengenezo. Tumia data ya simu kwa muda, au simu ikigawie tarakilishi mtandao. Kwanza sitisha masasisho ya Windows, la sivyo yatalimaliza bando kabla ya fomu kujaa. Njia hiyo pia ni kipimo: ukurasa ukifunguka kwa data ya simu, kifaa chako na tovuti ni salama, na kasoro imo kati ya ruta yako na kampuni inayokuhudumia.