Kofia ya bwana mkubwa na jua la mfanyakazi wa Kalemie

Kalemie – Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, na tena mwanzoni mwa mwezi wa kumi, jua la saa sita mchana hupita karibu sawasawa juu ya kichwa mjini Kalemie, kwa kuwa mji uko karibu digrii 6 kusini mwa ikweta. Kivuli cha mtu hujificha chini ya miguu yake. Kwa mvuvi, mama anayeanika ndagala, mchukuzi wa bandarini na mhami anayelima shamba la wengine, saa hiyo bado ni ya kazi. Wengi huifanya kichwa wazi, na mazoea hayo yana historia.

Wakati mji ulipoitwa Albertville, Wazungu waliliogopa sana jua la huku. Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba miale yake hupenya fuvu la Mzungu na kuharibu ubongo. Mwaka 1905 Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani, alitoa kitabu kizima kutetea wazo hilo. Ndiyo maana ile kofia ngumu nyeupe ilionekana katika picha nyingi za wakati wa ukoloni. Kuivua mchana kulihesabiwa ni kutafuta kifo, na wengine walivaa hata kitambaa kinene mgongoni ili kulinda uti wa mgongo.

Mtu mweusi alihesabiwa tofauti: ilisemwa kwamba ameumbwa kwa jua. Reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915, nayo ilijengwa kwa jasho la vibarua Waafrika. Kofia ikawa alama ya cheo, na asiyekuwa na cheo akaambiwa haihitaji.

Mafundisho yote mawili yalikuwa na kosa. Miale ya jua haipenyi fuvu la mtu yeyote. Kinachoangusha mtu juani ni joto na kukosa maji, na hayo hayachagui rangi. Kinachounguza ngozi ni mwanga usioonekana kwa macho, urujuanimno, uliogunduliwa mwaka 1801 na Mjerumani Johann Ritter. Rangi nyeusi ya ngozi, melanini, huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, lakini si wote. Mafuta ya kung'arisha ngozi huipunguza kinga hiyo. Macho nayo huumia: mwanga wa miaka mingi unaweza kuotesha kinyama juu ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho. Anayeanika samaki hupigwa mara mbili, maana mchanga mkavu hurudisha juu takriban asilimia 15 ya miale hiyo.

Baada ya vita vya pili vya dunia Wazungu wenyewe walianza kuiacha kofia yao. Lile neno kwamba mweusi hadhuriki likabaki, na walioumizwa nalo zaidi ni watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini kidogo sana au haina kabisa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 1,400 anazaliwa hivyo. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha utafiti juu ya watu 350 wenye ualbino, wakaonyesha kwamba saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Mara nyingi huanza usoni, masikioni, mdomoni na shingoni, yaani pale nguo isipofika.

Tanzania haikuishia kwenye utafiti. Katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo KiliSun, kwa ajili ya watu hao. Mwezi wa 12 mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 13 mwezi wa sita kuwa siku ya kimataifa ya kuelimisha juu ya ualbino.

Katika kambi za wahami mafuta kama hayo ni ya shida kupata, lakini kinga ya kwanza hainunuliwi ghali. Kofia pana ya majani hufunika masikio na shingo, kuliko kepi. Kitenge kizito na shati la mikono mirefu hukinga kuliko kitambaa chepesi. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mwenyewe, jua ni kali: afadhali kazi nzito ifanywe asubuhi au jioni, na maji yawe karibu. Mtoto mwenye ualbino apewe kazi za kivulini na akae mbele darasani, kwa kuwa macho yake pia ni dhaifu. Kidonda cha usoni kisichopona mwezi mzima kipelekwe kwa muganga wa hospitali kingali kidogo, kwa sababu saratani ya ngozi ikiwahiwa inaweza kukatwa na mtu akapona.