Way-C (kishikwambi)

Way-C ni kishikwambi chenye skrini ya inchi 7 na mfumo wa Android, kilichobuniwa na Vérone Mankou wa kampuni ya VMK, Brazzaville. Kiliingia sokoni mwanzoni mwa 2012 kwa takriban dola 300. Kilibuniwa Kongo-Brazzaville, kikatengenezwa China.

Miaka miwili kabla ya hapo Apple ilikuwa imeuza iPad 300,000 siku ya kwanza Marekani, na milioni 3 katika siku 80. Apple ilikwisha kufunga mikataba na wachapishaji watano wakubwa, wakiwemo Penguin na HarperCollins. Mnunuzi wa iPad alikuta vitabu vinamngoja. Mankou hakuwa na bahati hiyo. Wateja wake wengi hawakuwa na kadi za benki, hivyo alielekea kwenye kadi za kulipia kabla na soko la programu za Kiafrika. Hapo ndipo ubunifu wake ulipokuwa mkubwa zaidi.

Malighafi ya vishikwambi inahusiana pia na nchi iliyo upande wa pili wa Mto Kongo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mashariki kabisa mwa nchi hiyo, katika Kivu Kaskazini, hasa Rubaya wilayani Masisi, huchimbwa koltani, chanzo cha tantali ya kapasita za vifaa hivi.