Misimbo ya majibu ya seva na uelekezaji wa anwani

Misimbo ya majibu ni namba za tarakimu 3 ambazo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, huirudishia programu ya kivinjari ili kueleza hatima ya ombi. Zinazoanza na 2 huashiria mafanikio, 3 uelekezaji kwenye anwani nyingine, 4 kasoro katika ombi lenyewe, na 5 hitilafu ya seva, kama 503 inapolemewa au inapotengenezwa.

Mfano mkubwa wa uelekezaji ni wa tarehe 17 Oktoba 2012, wakati Directgov, tovuti ya huduma za serikali ya Uingereza, ilipoiachia nafasi tovuti mpya, GOV.UK. Anwani za kale zilizokuwa na kurasa mbadala zilipewa 301, msimbo wa uhamisho wa kudumu, hivyo aliyefuata kiungo cha zamani alifikishwa mahali papya bila kuandika chochote. Zisizo na mbadala zilipewa 410, unaotamka kwamba ukurasa umeondolewa makusudi, jibu la uungwana zaidi kuliko 404, ambao husema tu kwamba haukuonekana.

Uhamisho wa muda hutumia 302 au 307, na kuchanganya aina hizi si jambo dogo, kwa kuwa vivinjari huweza kuhifadhi jibu la 301 na kuendelea kulifuata hata baada ya mwenye tovuti kulibadilisha. Anwani 2 zikielekezana zenyewe kwa zenyewe, kivinjari husitisha safari na kuonyesha kosa. Kanuni kuu za misimbo hii zimo katika waraka RFC 9110 wa Juni 2022.