Axton na Stewart, Waasisi wa Stax

STAX, kampuni huru ya santuri, iliasisiwa mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, na ndugu wawili, Estelle Axton (1918–2004) na mdogo wake Jim Stewart (1930–2022), nayo ni miongoni mwa kampuni zilizoupa muziki wa soul wa kusini mwa nchi hiyo sauti inayotambulikana hata leo. Adhama yake haikutokana na wingi wa mali, wala na ujuzi wa waasisi wake, waliouanza muziki huu bila kuufahamu, bali ilitokana na kule kuwafungulia mlango vijana wa mtaa uliowazunguka na kuwasikiliza kwa dhati.

Axton na Stewart walizaliwa Middleton, mji mdogo wa wakulima katika jimbo hilohilo, wakahamia Memphis kutafuta maisha, na wote wawili wakaajiriwa katika mabenki, ingawa Axton alikuwa amekwisha kusomesha shule kabla ya hapo, na Stewart, baada ya saa za kazi, alikuwa akipiga fidla katika bendi za muziki wa Wazungu wa mashamba. Mwaka 1957 Stewart alianza kurekodi katika gereji, akaiita kampuni yake Satellite. Lakini vyombo vyake vilikuwa duni, na mwaka uliofuata alimwendea dada yake kuomba auni. Axton, aliyekuwa mama wa watoto wawili, alimshawishi mumewe waiweke nyumba yao rehani, wakapata takriban dola 2,500, na kwa fedha hizo ikanunuliwa mashine ya Ampex ya kunasia sauti.

Mwaka 1960 ndugu hao walikodi sinema kuukuu iliyoitwa Capitol, katika barabara ya McLemore, kusini mwa mji, katika mtaa ambao Wazungu walikuwa wakiuhama na Wamarekani weusi wakiuhamia. Viti viling'olewa, mapazia mazito yakatundikwa ili kuupunguza mwangwi, lakini sakafu iliachwa na mteremko wake kwa kukosa fedha za kuisawazisha, na umbo hilo la chumba likazipa nyimbo zilizorekodiwa humo mlio mzito wa pekee. Mbele, palipokuwa pakiuzwa bisi na peremende, Axton alifungua duka la santuri. Duka hilo lilisaidia kuilisha studio katika siku za dhiki, na zaidi ya hayo lilikuwa darasa lake mwenyewe, kwani aliwachezea wateja nyimbo mpya kabla hazijachapwa, akawauliza kipi kimewapendeza na kwa sababu gani, kisha akayapeleka majibu yao ndani kwa mafundi na wapigaji.

Katika mtaa huo na mji huo ndiko walikotoka wengi wa wasanii wake. Rufus Thomas, mtangazaji wa redio WDIA, alibisha hodi mwaka 1960 pamoja na binti yake Carla, na wimbo wao "Cause I Love You" ukawa wa kwanza kuifanya kampuni ijulikane mbali; naye Booker T. Jones, aliyekuwa bado mwanafunzi, aliitwa kutoka darasani kuja kuupigia saksafoni. David Porter, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la vyakula ng'ambo ya barabara, baadaye alitunga nyimbo nyingi pamoja na Isaac Hayes. Na Steve Cropper, muuzaji katika duka la Axton, akawa mpiga gitaa wa kundi la Booker T. & the M.G.'s, ambalo wimbo wake "Green Onions" ulivuma mwaka 1962. Weusi kwa weupe walifanya kazi katika chumba kimoja, ilhali desturi za mji ule ziliwatenga katika takriban kila jambo. Mwaka huohuo aliwasili Otis Redding kutoka jimbo la Georgia, akiwa dereva wa mwanamuziki mwingine, akapewa wasaa wa kuimba muda wa kurekodi ulipokuwa ukikaribia kwisha, na hakuna aliyeitangaza kampuni hiyo ulimwenguni kumshinda yeye. Jina la Stax, lililoungwa kwa herufi za mwanzo za majina ya ukoo ya waasisi, lilikuwa limeanza kutumika mwaka 1961, baada ya kubainika kwamba kulikuwa na kampuni nyingine iliyoitwa Satellite.

Usambazaji wa santuri ulikuwa mikononi mwa Atlantic, kampuni ya New York, kwa makubaliano ya mdomo kwanza, na kwa mkataba wa maandishi tangu mwaka 1965. Stewart aliutia saini bila kuusoma kwa makini, naye hakujua kwamba uliipa Atlantic milki ya rekodi zote asilia ilizozisambaza. Hilo lilidhihirika mwaka 1968, Atlantic ilipokuwa imekwisha kuuzwa, katika kipindi kilekile cha msiba wa Redding, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, na wa Martin Luther King, aliyeuawa mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Chini ya uongozi wa msimamizi wake Al Bell kampuni iliinuka upya, ikatoa albamu 27 kwa mkupuo mmoja mwaka 1969. Axton akajitenga na kuuza hisa zake. Madeni yakazidi, Stewart akaiweka mali yake dhamana, na mwezi Desemba 1975 Stax ikafikishwa katika mahakama ya ufilisi, ikafungwa, na Stewart akapoteza karibu kila alichokuwa nacho.

Jengo la sinema lilibomolewa mwaka 1989. Mwaka 2003 pakajengwa hapohapo jumba la makumbusho, na kando yake ipo shule ya muziki ya Stax, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambamo vijana wa Memphis hufundishwa fani hiyo. Anayetaka kuasisi kampuni ya santuri mahali popote atapata katika taarikhi hii mambo mawili ya kushika: kwamba wasanii wa kwanza wa kuwatafuta ni majirani, na kwamba kazi yao hailindwi kwa mapenzi peke yake, bali pia kwa kusoma kila sharti la hati kabla ya kuitia saini.