Arlecchino Alipoikataa Barakoa

Kila tarehe 25 Februari, wapenzi wa commedia dell'arte, mchezo wa kuigiza wa Italia unaochezwa kwa barakoa, huadhimisha siku yao. Ni tarehe hiyo, mwaka 1545, ambapo wanaume wanane walikutana mjini Padova wakatia saini mkataba wa kuzunguka na maonyesho. Walikubaliana kununua farasi wa kuwabebea mizigo na kutunza mapato kwenye kasha la funguo tatu. Kwa karne mbili waigizaji wa aina yao walitamba Ulaya, wakiwa wamefunika nusu ya uso kwa ngozi. Kufikia mwisho wa karne ya 18 mchezo ulikuwa umefifia, na mafundi wake wakafifia nao.

Ngozi ilirudi jukwaani baada ya Vita Kuu ya Pili, na ilirudi kwa taabu.

Mwaka 1947 Giorgio Strehler na Paolo Grassi walianzisha Piccolo Teatro jijini Milano. Julai ya mwaka huo Strehler aliongoza tamthilia ya Carlo Goldoni kuhusu Arlecchino, mtumishi wa mabwana wawili. Aliyepewa nafasi ya Arlecchino ni Marcello Moretti, mzaliwa wa Venezia. Barakoa walijitengenezea wenyewe kwa kadibodi na kitambaa chepesi. Strehler alisimulia baadaye mateso yake: kingo zilichimba nyama ya uso, kope ziligonga matundu ya macho hadi machozi yakatoka, na mwigizaji aliona nusunusu. Moretti akagoma. Alijipaka rangi nyeusi usoni, akacheza hivyo.

Alikuwa na haki. Mtu anayeruka, kubingirika na kukimbia jukwaa zima hawezi kufanya kazi huku amefungwa kitu kinachomkata uso.

Jibu lilitoka Padova. Mchongaji Amleto Sartori, aliyezaliwa 1915, alikuwa akitengeneza barakoa kwa ajili ya maonyesho ya chuo kikuu cha mji huo, ambako pia alifanya kazi na Mfaransa Jacques Lecoq. Alichunguza barakoa za kale, akafufua ufundi wa kuzitengeneza hatua kwa hatua. Kwanza huchongwa kalibu ya mti. Ngozi ya ndama hulowekwa maji, ikavutwa juu ya kalibu, ikagongwa kwa nyundo ya pembe mpaka ishike kila kunyanzi, kisha ikaachwa ikauke. Kwa Arlecchino, Sartori alichonga nyuso za paka, mbweha na fahali. Barakoa hii ya ngozi Moretti aliikubali. Ilikuwa nyepesi, na kadiri jasho na joto vilivyoipenya ndivyo ilivyozidi kuufuata uso wake.

Kuivaa kuna adabu yake. Waigizaji wa Milano waligundua kwamba mkono ukigusa barakoa, uhai wake hupotea papo hapo, maana mtazamaji hukumbuka kuwa ni ngozi. Macho nayo hayatoshi tena. Kichwa kizima hugeuka, pua ikitangulia.

Nayo matunzo hayana njia ya mkato. Onyesho likiisha, jasho hufutwa kwa kitambaa laini kikavu. Barakoa huachwa ipate hewa kivulini, mbali na jua na moto, kwa kuwa ngozi iliyokaushwa haraka hukakamaa na kupinda. Isiwekewe mzigo juu. Tena, iliyokwisha kuzoea uso wa mtu haifai kuazimwa hovyo.

Moretti alifariki mwaka 1961, Sartori mwaka uliofuata. Ferruccio Soleri alirithi nafasi ya Arlecchino na kuicheza zaidi ya mara 2,000, mpaka alipokaribia miaka 90. Donato Sartori aliendeleza karakana ya baba yake hadi alipofariki 2016, na jumba la makumbusho lenye majina ya wote wawili lilifunguliwa Abano Terme, jirani na Padova.

Leo mtalii anayetembea Venezia hukutana na barakoa za plastiki zilizopangwa mbele ya maduka, na wengi huondoka wakiamini wamenunua urithi wa Italia. Hilo ni kosa dhidi ya mafundi. Mwenye nia ya kununua aulize kwanza barakoa imetengenezwa kwa kitu gani, na nani aliyeigonga nyundo.