Ugonjwa wa Huzuni Tangu Zamani Hata Leo

Iko huzuni ya kila mtu: kufiwa, kukosa mavuno, kugombana na ndugu. Hiyo hupungua siku zikipita. Lakini iko nyingine inayokaa majuma na miezi. Usingizi unapotea, chakula hakina ladha, mwili unakuwa mzito, na mtu anajiona hafai kitu. Majirani husema: «Ni mvivu», au «Amerogwa». Tutazame wenzetu wa kale walifikiri nini.

Wagriki wa wakati wa Hippocrates, miaka 400 hivi kabla ya Kristo, walidhani kwamba nyongo nyeusi ikizidi mwilini, mtu huingiwa na hofu na huzuni. Nyongo nyeusi haipo. Hata hivyo walifahamu jambo moja kubwa: moyo ukiugua, mwili nao umo.

Katika jangwa la Misri, mtawa Evagrius, aliyekufa mwaka 399, alieleza jaribu la saa sita za mchana: jua laonekana limesimama, chumba chachukiza, mikono haitaki kazi. Hatusemi kwamba jaribu lile na ugonjwa huu ni kitu kimoja, lakini dawa yao yafaa kukumbukwa. Cassian anasimulia habari za Abba Paulo, aliyekaa mbali sana na mji, hata gharama ya safari ingepita bei ya kazi yake. Kila siku alijipimia kazi ya majani ya mitende; pango likijaa, mwisho wa mwaka aliyachoma yote. Alifanya kazi ili moyo usizame.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya, iproniazidi. Waganga wakastaajabu: watu walionyong'onyea wakaanza kula sana, kuzungumza, hata kucheza. Mwaka 1957 dawa hiyo ikaanza kutumiwa kwa ugonjwa wa huzuni. Baadaye ilionekana kuwa inadhuru ini, ikaachwa katika nchi nyingi. Lakini ilikuwa imefungua njia kwa dawa nyingine.

Tena, mwaka 2006, mganga Dixon Chibanda wa Harare aliwafundisha mabibi wazee kukaa kwenye benchi karibu na zahanati, kumsikiliza mgonjwa na kumsaidia achague shida moja ya kuanza nayo. Washona huuita ugonjwa huu kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi; nasi twasema «mawazo mengi». Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko wengine.

Basi, tukimwona ndugu yetu hali hii, tusimkemee. Kusali pamoja naye ni vema. Kumwambia imani yake ni ndogo ni kumwongezea mzigo. Tumpeleke kwa mganga, tutembee naye, tumpe kazi ndogo mkononi. Na akisema anataka kufa, tusimwache peke yake hata kidogo: tumpeleke siku ileile.